UZI: BOINC asubuhi ilisema yamebaki masaa 3, jioni ikasema 11. Wanaojua hii hesabu mtusaidie

#1. MtuWaUyole (Mbeya), mwanzisha uzi

Wakuu, ugonile, kamwene, salamu kwa wote wa nyanda za juu.

Nina chumba cha kompyuta hapa Uyole. Mashine sita za mezani, zote mtumba, prosesa za Core i3 za zamani. Kutwa nzima vijana wanajifunza kuchapa, watu wanatoa kopi, wanajaza fomu za ajira. Mwaka jana niliweka BOINC kwenye zote sita, ile programu inayoipa kompyuta iliyokaa bure hesabu za watafiti, na sababu yangu ilikuwa moja: mvua. Mimi ni mtoto wa mkulima wa viazi. Nimeushuhudia msimu ambao baba alipanda mara mbili kwa kuwa mvua ya kwanza ilikuja ikakata, mbegu zikaozea ardhini. Niliposoma kwamba World Community Grid, moja ya miradi inayotumia BOINC, ilianza mwaka 2019 kubeba mradi wa kupiga hesabu za mvua za Afrika kusini mwa Sahara, wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft kule Uholanzi, nikajua hata mimi nina pa kushika. Mteja akiwa anawaza aandike nini kwenye barua, kompyuta inakaa bure. Basi ifanye kazi.

Sasa shida yangu. Jumatatu iliyopita nimefungua saa 2 asubuhi, mashine namba 4 imepokea kazi mpya, yaani kipande kimoja cha hesabu. Safu ya muda unaobaki inasomeka 03:12:40. Nikasema kabla ya chakula cha mchana itakuwa imeisha. Saa 5 napita tena: asilimia 11, muda unaobaki 07:18. Saa 12 jioni nafunga: asilimia 37, muda unaobaki 11:02. Yaani imefanya kazi masaa 10, na kilichobaki kimekuwa kikubwa kuliko nilivyoanza nacho.

Kesho yake nilikuwa na safari ya Tukuyu. Kijana anayenisaidia alipoona namba zinapanda badala ya kushuka akaamini mashine zimeganda, au zimepata kirusi. Akafuta kazi 12 zilizokuwa zinaendelea kwenye mashine tatu. Simlaumu, hata mimi ningeogopa. Lakini nilipofungua kumbukumbu usiku ule nikakuta moja ya alizofuta ilikuwa imefika asilimia 81. Sikulala vizuri, nawaambia ukweli.

Naomba kuelewa mambo mawili. Hiyo namba inatoka wapi? Na kuna namna ya kuifanya iseme kweli?

#2. Chunya_Kwetu

Mkuu samahani, kabla wataalamu hawajafika. Hii BOINC ndiyo ile ya kuchimba pesa za mtandaoni? Maana huku kwetu tumezoea kuchimba kweli kweli, na luku yako inakwenda.

#3. MtuWaUyole

Hapana ndugu yangu, hapa hakuna pesa. Ni kompyuta za watu wa kawaida duniani kote zinagawiwa vipande vya hesabu kubwa za kisayansi. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndicho kilichoanzisha: kwanza SETI@home mwezi Mei 1999, ya kutafuta mawimbi ya viumbe wa nje, kisha BOINC yenyewe iliyofungua mlango kwa miradi mingine. SETI@home iliacha kugawa kazi Machi 2020 lakini BOINC inaendelea. Unapata pointi tu, za kuonyesha umechangia kiasi gani. Umeme ni wa kwangu, nimeukubali.

#4. FundiMafiati (Mbeya)

Pole sana mkuu. Hiyo ya asilimia 81 imeniuma kama ingekuwa yangu, maana seva ikiona kazi imefutwa inaituma kwa mtu mwingine, na yeye anaanzia sifuri.

Nikueleze namba inakotoka. BOINC haijui kazi yako itachukua muda gani. Inachofanya ni kugawanya. Upande mmoja kuna kadirio la watu wa mradi: kila kazi inakuja imebandikwa idadi ya mahesabu ya desimali wanayodhani itahitaji. Ndani ya faili inaandikwa rsc_fpops_est. Upande wa pili kuna kasi ya mashine yako. BOINC huipima prosesa kwa jaribio fupi linaloitwa Whetstone, la nusu dakika hivi, na hulirudia kila baada ya siku 5. Chukua idadi, gawa kwa kasi, unapata 03:12:40.

Tazama sasa pande zote mbili zilivyo dhaifu. Watu wa mradi mara nyingi hubandika namba ileile kwa kundi zima la kazi, hata kama ndani yake kuna nyepesi na nzito. Na lile jaribio la kasi linapima hesabu ndogo ndogo zinazoenea zote ndani ya prosesa yenyewe. Kazi ya hali ya hewa haiko hivyo. Inabeba mzigo mkubwa wa data, kila dakika inakwenda RAM na kurudi, na kazi 4 zikienda pamoja zinagombania mlango mmoja. Core i3 yako ina kori 2, yaani vichwa viwili vya kuhesabu, zinazojionyesha kama 4. Ukizipa kazi 4, kila moja inakwenda taratibu kuliko ingekuwa peke yake, na jaribio la nusu dakika halikuambii hilo.

Ni kama kusimama Chalinze ukauliza basi litafika Mbeya saa ngapi, na mtu akapiga hesabu kwa kilomita zilizobaki na mwendo wa gari tupu kwenye tambarare. Hajaweka mwendo wa taratibu ndani ya hifadhi ya Mikumi. Hajaweka foleni ya malori ya Tunduma yanayoupanda Kitonga kwa gia namba moja. Kugawanya amegawanya sawasawa, ila alichokigawanya hakikuwa barabara yenyewe.

Sasa kwa nini ilipanda? Rudi kwenye namba zako mwenyewe. Asilimia 11 kwa masaa 3: kazi nzima ni kama masaa 27. Asilimia 37 kwa masaa 10: ni yaleyale 27. Unaona mashine haikuganda? Ilikuwa inakwenda kwa mwendo uleule tangu asubuhi. Ila BOINC haikukuonyesha 24 yaliyobaki, ilikuonyesha 7, kwa sababu kazi ikiwa changa programu inaliamini zaidi kadirio la mwanzo. Kadiri asilimia zinavyopanda ndivyo inavyoliacha lile la mwanzo na kufuata mwendo halisi. Saa 5 ilikuwa imechanganya masaa 3 ya uongo na 27 ya kweli, na uongo ulikuwa na sauti kubwa zaidi. Jioni ukweli ulishapanda sauti. Namba ilipanda kwa kuwa ilikuwa inajirekebisha. Ungeiacha, siku ya pili ungeiona inashuka kwa kasi nzuri, ikifika asilimia 74 ingekuwa inasema masaa 7 pungufu kidogo, na hapo ni kweli.

Kwa hiyo kijana wako alizifuta wakati ambao programu ndiyo kwanza inaanza kusema kweli.

Njia ya kuipata kweli mwenyewe: bonyeza kazi, fungua Properties, tafuta mstari wa kasi ya maendeleo. Unakuambia asilimia ngapi kwa saa. Kama ni 3.7 kwa saa, gawa 100 kwa 3.7. Huo mstari hauchanganywi na kadirio la mtu yeyote.

#5. Njombe_Baridi

Fundi, swali. Mimi niko Einstein@Home, mradi mwingine wa BOINC, nina kadi ya picha kwenye mashine. Kadirio langu linaruka kama chura. Asubuhi kazi zote kwenye foleni zinasema masaa 2, mchana zote zinasema 6, hata zile ambazo hazijaanza. Nani kazigusa?

#6. FundiMafiati

Umenigusa penyewe, hapa nitakaa kidogo.

Kuna njia mbili za kujirekebisha. Ya zamani inaishi kwenye mashine yako: ni namba moja kwa kila mradi, wenyewe wanaiita DCF, ambayo makadirio yote ya mradi huo yanazidishwa nayo. Ikianza ni 1. Sasa kazi iliyokadiriwa masaa 2 ikichukua 6, DCF inaruka papo hapo hadi 3, na foleni yako yote inageuka kuwa masaa 6. Hicho ndicho ulichokiona mchana. Lakini kushuka hairuki. Kazi inayofuata ikichukua masaa 2 kama ilivyokadiriwa, DCF inashuka sehemu ya kumi tu ya pengo: kutoka 3 hadi 2.8. Ya pili, 2.62. Ya tatu, 2.46. Baada ya kazi kumi zote za masaa 2, bado iko 1.7, na foleni inakuambia masaa 3 na dakika 24.

Walifanya hivyo kwa makusudi, na mimi naona walikuwa na sababu. Ukikadiria kidogo kuliko kweli unachukua kazi nyingi ukazichelewesha zote. Ukikadiria kupita kiasi unachukua chache, hakuna anayeumia. Hasara mbili haziko sawa, basi na mwendo wa kupanda na kushuka usiwe sawa.

Ubaya ni pale mradi mmoja una programu za aina mbili, moja ya prosesa na nyingine ya kadi ya picha, na DCF ni moja. Ya prosesa inaivuta juu, ya kadi inaivuta chini, haitulii kamwe. Einstein@Home wameendelea na njia hii, ndiyo maana chura wako anaruka.

Njia mpya iko kwenye seva. Inaweka rekodi ya kila mashine kwa kila toleo la programu, na mashine ikishamaliza kazi zaidi ya 10 zikathibitishwa, makadirio yanatoka kwenye historia ya mashine yenyewe badala ya lile jaribio la nusu dakika. Ni nzuri zaidi, lakini sikia: hizo 10 za kwanza lazima uzipitie. Anayefuta ya 3, ya 5 na ya 8 kwa hofu anaifanya seva isimjue milele.

#7. BintiKihesa (Iringa)

Kaka FundiMafiati ameeleza vizuri, asante. Naomba niongeze kitu ambacho kilinitesa miezi miwili na sikuona mtu akikisema.

Muda unaobaki ni masaa ya mashine ikiwa inafanya kazi. Si masaa ya saa ya ukutani.

Mimi ni mwanafunzi, nimepanga Kihesa. Laputopu yangu ninaiwasha jioni nikitoka chuo, saa 12 hadi saa 5 usiku. Masaa 5. Kati ya hayo ninaitumia mwenyewe kama masaa 2, na nimeiweka BOINC isimame ninapogusa kibodi. Yanabaki 3. Halafu kuna siku umeme unakatika. Kazi ikiniambia yamebaki masaa 14, hata kama kadirio ni sahihi kabisa kwa sekunde, kwangu mimi hiyo ni siku 5.

Nilianza kuandika kwenye daftari la mistari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili asilimia nilipowasha, ya tatu asilimia nilipozima, ya nne asilimia nilipowasha tena kesho. Hiyo ya nne ndiyo iliyonifundisha. Tarehe 9 nimezima kwa utaratibu kwenye 46.2, kesho nimekuta 45.9. Sawa. Tarehe 11 umeme umekatika ghafla na betri yangu imekufa siku nyingi: ilikuwa 58.4, nimewasha nimekuta 51.0. Asilimia 7 zimepotea, jioni nzima ya kazi. Programu inasevu hatua kwa hatua, ikikatwa katikati inarudi ilipoishia kusevu. Kila mradi una umbali wake. Mingine inasevu kila baada ya dakika chache, mingine inakaa sana.

Kwenye ile Properties kuna mstari unaoonyesha muda wa prosesa tangu iliposevu mara ya mwisho. Sasa hivi kabla ya kuzima nautazama kwanza. Ukisoma dakika 2, nazima. Ukisoma dakika 50 na umeme upo, nasubiri, naosha vyombo.

Kwa upande wa kuwahi tarehe ya mwisho ya kurudisha kazi, BOINC yenyewe inajifunza mashine huwa imewashwa sehemu gani ya siku, na inatumia hilo inapoomba kazi. Lakini kwenye ile safu ya muda unaobaki haikuwekei. Hapo unapiga hesabu mwenyewe.

#8. MtuWaUyole

Dada umenifungua macho. Mimi nafungua saa 2 nafunga saa 12, masaa 10. Kwa hiyo ile ya masaa 27 isingeisha Jumatatu wala Jumanne. Ingeisha Jumatano mchana. Na nilikuwa nimeshamtangazia kijana kwamba itaisha kabla ya chakula cha mchana. Kumbe hofu nilimpa mimi mwenyewe.

#9. MzeeWaMbao (Mafinga)

Wanangu hamjambo. Mimi nimestaafu, mjukuu aliniwekea hii kitu kwenye kompyuta yangu baada ya kumwambia nataka iwe na faida.

Nawasoma na nakumbuka mama watoto alipohamia huku kutoka Dar. Maharage yalimtoa machozi. Alizoea kuyaweka jikoni na kujua baada ya muda fulani yameiva. Huku yakawa magumu muda uleule. Akadhani kauziwa maharage mabaya. Kumbe huku juu maji yanachemka kabla hayajafika moto wa Dar, na maharage yanataka muda zaidi. Maharage hayakuwa na kosa na yeye hakuwa na kosa, alikuja na kipimo cha jiko la pwani. Alipopika mara kadhaa hapa hapa Mafinga akakipata cha huku, wala hakuuliza mtu tena.

Nauliza swali moja. Mashine yangu imejaa kazi. Nimehesabu 38 zinasubiri, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya siku 7. Nitazimaliza?

#10. FundiMafiati

Shikamoo mzee. Mfano wa maharage nitaubeba.

Swali lako ndilo kubwa kuliko yote kwenye uzi huu, kwa sababu hapa ndipo kadirio baya linapoleta hasara ya kweli. Namba kwenye safu ikikosea, wewe unakasirika tu. Lakini namba hiyohiyo ndiyo BOINC inayoitumia kuamua iombe kazi ngapi.

Nikadirie kama mashine yako inafanana na za Uyole: kazi 4 kwa pamoja, masaa 10 kwa siku. Mjukuu huenda aliweka akiba ya kazi za siku 3 ili intaneti ikikatika usikae bure. Siku 3 za masaa 10 ni masaa 30, mara kazi 4 kwa pamoja ni masaa 120 ya kazi. Ukigawa kwa masaa 3 na dakika 12 unapata 37 na ushee. Hizo ndizo 38 zako. Programu haikukosea kuhesabu. Lakini kama kweli kila moja ni masaa 27, basi 38 ni masaa 1,026, gawa kwa 4, gawa kwa 10, ni siku 25 na zaidi. Tarehe ya mwisho ni siku 7.

Kwa hiyo hapana mzee, hutazimaliza. Na hapa ndipo kufuta kunaruhusiwa. Acha zile 4 zinazoendelea na nyingine 4 zinazofuata. Zilizobaki ambazo hazijaanza zirudishe leo, usingoje zichelewe. Kazi isiyoanza ikirudishwa mapema, mwingine anaichukua mapema. Ikikaa kwako siku 7 bila kuguswa, kuna mtafiti anasubiri, na mara nyingi kuna mtu mwingine aliyeshamaliza nakala ya kazi hiyohiyo naye pointi zake zinasubiri matokeo ya pili ya kulinganisha.

Kisha nenda kwenye mapendeleo, akiba ishushe iwe 0.1 ya siku na ya ziada 0.1. Iache hivyo mpaka mashine imalize hizo kumi na kidogo. Kadirio likishatulia, unaweza kuongeza.

Ukiona BOINC imeacha kazi iliyokuwa inakwenda na kurukia nyingine yenye tarehe ya karibu, usishtuke. Inajaribu kuokoa zilizo hatarini.

#11. TukuyuChai

Jamani mimi natumia simu, naichomeka usiku. Kazi imefika 99.9 tangu juzi haisogei. Nifute?

#12. FundiMafiati

Kwanza hakikisha inafanya kazi. Kwenye simu BOINC ina masharti yake ikiwa hujayabadilisha: iwe kwenye chaji, betri iwe imefika asilimia 90, na kushusha kazi iwe kwa Wi-Fi. Kama betri yako imechoka inafika 88 inabaki hapo, kazi imesimama usiku kucha nawe umelala ukijua inakwenda.

Kama inafanya kazi kweli, kuna jambo la pili. Zipo programu za miradi ambazo haziripoti zimefika wapi. Hapo BOINC inatunga asilimia zenyewe kwa kutazama muda uliopita na kadirio la mwanzo, na imeziunda ziikaribie 100 bila kuigusa. Kadirio likiwa dogo kupita kiasi, unafika 99 haraka, halafu 99.9, halafu unakaa hapo hata siku nzima. Kazi inaendelea vizuri, ila asilimia hazina maana. Tazama kama muda wa prosesa unaongezeka. Ukiongezeka, iache.

#13. MwlWaHesabu (Mbozi)

Nimesoma yote na nashukuru, lakini sikubali jambo moja. Tunafundishwa sisi tuizoee namba mbaya, wakati namba yenyewe ingeweza kuandikwa kwa uaminifu.

Darasani nikimpa mtoto fimbo aupime uwanja kwa kukadiria, akaniandikia mita 97.36, namrudisha. Kwa fimbo hiyo hawezi kujua hizo sentimita. Aandike kama mita 100. Sasa BOINC haijawahi kuifanya kazi hii kwenye mashine hii, na inaandika 03:12:40. Hizo sekunde 40 imezitoa wapi? Yule kijana wa Uyole hakuwa mjinga. Aliiona namba yenye sekunde, akaamini kuna mtu amepima. Kama pangeandikwa kati ya masaa 3 na 30, bado sijapata uzoefu na mashine hii, asingefuta kitu.

Mimi nataka wanaotengeneza programu hii waibadilishe hiyo safu. Kazi kumi za kwanza zisionyeshe sekunde.

#14. FundiMafiati

Mwalimu, hapo huna mpinzani. Nilikuwa natetea hesabu, na hesabu naitetea bado, lakini maandishi umeyashinda. BOINC ni programu huria, msimbo uko wazi na mtu yeyote anaweza kupeleka pendekezo. Tuandike pamoja. Wewe uweke huo mfano wa uwanja, mimi nitaweka namba za mashine namba 4 ya Uyole, saa kwa saa.

Kwa sasa kuna kitu kidogo. Mtu anaweza kuweka faili la app_config.xml kwenye folda ya mradi na kuandika humo fraction_done_exact kwa programu fulani. Hapo BOINC inaacha kuchanganya, inafuata asilimia peke yake. Kwa namba za Uyole, saa 5 ingemwambia moja kwa moja kwamba yamebaki masaa 24. Angeshtuka mara moja, halafu ingekuwa inashuka tu hadi mwisho. Lakini ifanye kwa programu ambazo asilimia zake zinakwenda sawasawa. Nyingine zinakimbia mwanzo na kuburuza mwisho, hapo itakudanganya kwa njia nyingine.

#15. Njombe_Baridi

Na Rosetta@home? Zangu zinaisha karibu masaa 8 kila mara, kazi yoyote.

#16. FundiMafiati

Hiyo ni kwa mpango. Rosetta unaipa muda lengwa, wa kawaida ni masaa 8, nayo inatengeneza maumbo ya protini mengi kadiri itakavyoweza ndani ya muda huo. Mashine ya haraka inaleta mengi, ya taratibu inaleta machache. Wao wamegeuza swali.

#17. MtuWaUyole (siku 12 baadaye)

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi kwenye meseji za pembeni.

Akiba nimeishusha kwenye mashine zote sita. Nimeweka kazi 3 kwa pamoja badala ya 4, kwa sababu wateja walilalamika Word inachelewa kufunguka. Kazi iliyokuja mashine namba 4 baada ya ule msiba ilianza tena na kadirio la masaa 3 na kitu, nikaitazama ikipanda mpaka 10, nikakaza roho. Imeisha kwa masaa 22 na dakika 50. Kwa hiyo zikiwa 3 kila moja inakwenda haraka kidogo.

Nimefungua daftari kama la dada wa Kihesa, ila langu ni ubao. Kila mashine ina mstari wake, na kijana anaandika asilimia asubuhi na jioni. Ubao ndio uliotuonyesha kwamba mashine namba 2 inachukua masaa 31 kwa kazi ambazo wenzake wanachukua 23, na prosesa ni ileile. Tumeifungua. Feni ilikuwa imefunikwa vumbi la barabarani limeshikana kama blanketi, prosesa ilikuwa inapata joto na kujipunguza mwendo. Tumepuliza, tumebadilisha girisi, juzi imemaliza kwa 24. Kwa mwaka mzima nilikuwa namlaumu mtu wa BOINC wakati kasoro iko kwangu.

Mashine tatu zimeshavuka kazi 10. Kwenye hizo kadirio la kazi mpya linaanzia masaa 21 hadi 25. Halijawa sawa kabisa, lakini naweza kumwambia mtu itaisha siku gani na ikaisha siku hiyo.

Mzee wa Mafinga alinipigia, amerudisha kazi 30 na amebaki na 8. Mwalimu na Fundi, lile pendekezo nimelisoma, namba zangu ziko sahihi, lipelekeni.

Sasa hivi namba 4 iko asilimia 93 na tunakaribia kufunga. Kijana ameutazama ule mstari wa kusevu, unasoma dakika 34. Ameniambia bosi wewe nenda, mimi nitabaki mpaka isevu. Amekaa pembeni yake na kikombe cha chai.